Kiti cha Mtoto cha Gari: Kuchagua cha Bei Nafuu Kinachoenea kwenye Siti ya Nyuma Iliyojaa

Kiti cha mtoto cha gari hufanya kazi moja. Gari likisimama ghafla, humshika mtoto kwenye mabega, kifua na nyonga, sehemu za mwili zinazoweza kuhimili nguvu, na kukinga shingo na tumbo. Mshipi wa gari peke yake hauwezi kazi hiyo kwa mtoto mdogo, kwa kuwa uliundwa kwa kimo cha mtu mzima. Kwa mtoto hupita shingoni badala ya begani, na tumboni badala ya kwenye nyonga. Mikono ya mzazi haiwezi vilevile. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa huvuta kwenda mbele kwa nguvu ya karibu kilo 140, sawa na magunia matatu ya viazi. Kwa mwendo wa kilomita 80, nguvu hiyo hupita kilo 220. Hakuna anayeweza kushikilia mzigo huo, hata akiwa amejiandaa.

Kwa familia za Timau hesabu hii ni ya kila siku. Mji huu uko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, kando ya barabara kuu ya A2 itokayo Nanyuki kwenda Isiolo hadi Moyale. Barabara hupita katikati ya mashamba ya ngano, viazi na maua, ina sehemu ndefu zilizonyooka ambako magari hukimbia, na hubeba malori ya masafa marefu. Kutoka Timau hadi Isiolo hushuka zaidi ya mita 1,000. Safari fupi ya kumpeleka mtoto hospitali Nanyuki, au kumtembelea nyanya Meru, hufanywa katika mwendo ule ule wa malori hayo.

Shirika la usalama barabarani la Marekani, NHTSA, limekadiria kwamba katika magari madogo viti vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Manufaa hayo hutegemea kiti kinachomtosha mtoto na kilichofungwa vizuri, wala si bei yake. Kiti rahisi kilichoenea na kukazwa sawasawa kina faida zaidi kuliko kiti ghali kinachoyumba, au kinachoachwa nyumbani kwa sababu hakiingii garini pamoja na ndugu wengine. Kwa hiyo kabla ya kufika dukani kuna vipimo viwili vya kuchukua: cha mtoto na cha gari.

Kumpima mtoto

Umri peke yake hautoshi kuchagua kiti, kwa sababu watoto wawili wa mwaka mmoja wanaweza kupishana kilo tatu. Uzito hupatikana bila gharama kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambamo muuguzi huandika kilo kila siku ya kliniki. Kimo hupimwa nyumbani, mtoto akiwa amesimama wima ukutani, au amelala chali ikiwa bado hajasimama.

Vipimo hivyo hulinganishwa na kibandiko cha kiti. Viti vingi vinavyouzwa Afrika Mashariki, vipya na vya mitumba, viko chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Kanuni ya zamani, R44, hupanga viti kwa uzito: kundi 0+ ni hadi kilo 13, kundi I ni kilo 9 hadi 18, kundi II ni kilo 15 hadi 25, na kundi III ni kilo 22 hadi 36. Kanuni mpya, R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hupanga viti kwa kimo cha sentimita, na hutaka mtoto asafiri akitazama nyuma ya gari hadi apite miezi 15.

Sharti hilo la kutazama nyuma lina sababu ya kimwili. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo yake bado ni laini. Akitazama mbele, kichwa hurushwa na shingo huvutwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja. Miezi 15 ni kiwango cha chini tu. Mtoto anafaa kuendelea kutazama nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au kimo kilichoandikwa kwenye kiti chake. Miguu kukunjwa au kugusa siti si dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo. Watoto hukaa hivyo bila taabu. Dalili ya kweli ni kikomo cha kilo kupitwa, au utosi kukaribia ukingo wa juu wa kiti.

Kulipima gari

Magari mengi ya familia katika miji inayozunguka mlima ni ya mtumba kutoka Japani: Vitz, Passo, Demio, Note, Fielder, Probox, na kwa familia kubwa Wish, Sienta au Noah. Siti zake za nyuma hupishana upana, na tofauti ya sentimita tano ndiyo huamua kama mlango utafungika.

Kipimo cha kwanza ni upana. Utepe wa fundi cherehani hunyooshwa juu ya siti ya nyuma kutoka mlango hadi mlango, mara mbili: mara moja kwenye usawa wa makalio, na mara ya pili kwenye usawa wa mabega. Namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo ya kutumia. Ikiwa siti ina sentimita 126, kila abiria kati ya watatu ana sentimita 42. Viti vingi vya watoto vina upana wa sentimita 44 hadi 50 kwenye sehemu iliyotanuka zaidi, kwa hiyo katika gari kama hilo kiti kipana hummeza jirani yake. Kiti cha sentimita 44 huacha 82 kwa abiria wawili, jambo linalowezekana kwa mtoto mkubwa na mtu mzima mwembamba. Kiti cha sentimita 50 huacha 76, na hapo mtu wa tatu hukaa upande mmoja, mshipi wake ukiwa umepinda.

Kipimo cha pili ni urefu wa mbele na nyuma. Kiti cha kutazama nyuma huhitaji nafasi kubwa kati ya siti ya nyuma na ya mbele, hasa kikilazwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Kikiwa nyuma ya dereva mrefu, humlazimu kuendesha akiwa amekunja magoti. Mahali pake pazuri ni nyuma ya mtu mfupi, au katikati, ambapo kinaweza kuingia kati ya siti mbili za mbele.

Kipimo cha tatu ni mishipi. Yote ya nyuma huvutwa hadi mwisho na kufungwa, ili ijulikane inayofanya kazi. Katika magari yaliyobeba mizigo, vifungio mara nyingi huwa vimezama chini ya siti, na mishipi mingine imelika kwenye kingo. Huangaliwa pia kama nafasi ya katikati ina mshipi wa pointi tatu, unaopita begani, au wa kiunoni tu. Mshipi mfupi kuliko mzunguko wa kiti cha mtoto hauna dawa: kiti hicho hakifai gari hilo.

Kipimo cha mwisho ni vyuma vya ISOFIX. Hivi ni vipande viwili vya chuma vilivyoachana sentimita 28, vimejificha kwenye mfereji kati ya mgongo na kalio la siti. Mara nyingi huwa kwenye nafasi mbili za pembeni tu. Faida yake ni kwamba kiti hunasa moja kwa moja na makosa ya kufunga hupungua. Kasoro yake katika gari lililojaa ni kwamba kiti hakiwezi kusogezwa. Kiti kinachofungwa kwa mshipi kinaweza kusukumwa sentimita mbili tatu kuelekea mlangoni, na mara nyingi hizo ndizo zinazompatia mtu wa tatu nafasi. Viti vya mshipi huwa pia rahisi zaidi kwa bei, na huingia katika gari lolote lenye mshipi wa urefu wa kutosha. Kwa familia yenye gari dogo na pesa chache, kukosa ISOFIX si hasara kubwa.

Aina za viti na thamani ya pesa

Aina ya kwanza ni kiti cha mtoto mchanga chenye mpini, kinachotolewa garini mtoto akiwa amelala. Ni chepesi na rahisi kubeba, lakini watoto wengi hukipita wakikaribia mwaka mmoja au baada ya hapo kidogo, na cha pili hulazimika kununuliwa.

Aina ya pili ni kiti cha kugeuza. Huanza kikitazama nyuma, kisha hugeuzwa kutazama mbele, na humfikisha mtoto kilo 18 au zaidi. Kwa familia inayoweza kununua mara moja tu, hiki ndicho chenye thamani. Kiti cha shilingi 12,000 kitakachotumika miaka minne hugharimu shilingi 3,000 kwa mwaka. Cha shilingi 6,000 kitakachotumika mwaka mmoja hugharimu mara mbili ya hapo. Hesabu ya namna hii inafaa kufanywa kwa kila kiti kinachopendekezwa na muuzaji.

Aina ya tatu ni kiti cha kuinulia, ambacho hakina mikanda yake chenyewe. Kazi yake ni kumpandisha mtoto ili mshipi wa gari upite begani na kwenye mapaja. Chenye mgongo huuongoza mshipi na kukinga kichwa ubavuni, nacho hufaa kuanzia kilo 15 hivi. Kisicho na mgongo ni rahisi kuliko vyote na chembamba, lakini ni cha mtoto mkubwa: vinavyoidhinishwa sasa chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa ni vya kilo 22 na kimo cha sentimita 125 kwenda juu. Kumkalisha mtoto wa miaka mitatu juu yake ili kuokoa pesa ni kumnyima kinga. Mto wa kochi au blanketi lililokunjwa si mbadala wa kiti cha kuinulia, kwa kuwa huteleza na mtoto hupenya chini ya mshipi.

Kuna pia vitambaa vyepesi vyenye mikanda, vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa na kufungwa juu ya siti kama mkoba. Havina fremu, na kwa kawaida havina kibandiko cha kuidhinishwa. Havifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Kusoma kibandiko

Kiti kilichopimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na kibandiko cha rangi ya machungwa, kilichogandishwa ubavuni, nyuma au chini. Juu yake kuna namba ya kanuni, R44 au R129, uzito au kimo kinachoruhusiwa, na herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa idhini. Kiti cha R44 chenye namba ya idhini inayoanza na 04 ni cha toleo la mwisho la kanuni hiyo. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa viti vipya vya R44 mwezi Septemba 2024, ila vile vilivyokwisha nunuliwa bado vinaruhusiwa kutumika huko. Viti vya Marekani havina kibandiko hicho. Vyao hutaja kanuni ya FMVSS 213. Kiti kisicho na kibandiko chochote hakina ushahidi wa kupimwa, hata kikiwa kizuri kwa macho.

Mtumba: cha kuchukua na cha kuacha

Kiti cha mtumba kinaweza kuwa nafuu ya kweli kikitoka kwa mtu anayejulikana: jirani, shangazi, mfanyakazi mwenza, au familia inayohama. Swali la kwanza ni kama kimewahi kuwa ndani ya gari lililogonga. Plastiki inaweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana, ndiyo maana kiti kilichopitia ajali kubwa hutupwa. Kiti kilichorundikwa sokoni hakina wa kujibu swali hilo, na hiyo ndiyo hatari yake kuu.

Swali la pili ni umri. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 6 hadi 10. Tarehe ya kutengenezwa huchorwa kwenye plastiki ya chini, mara nyingi kama duara dogo lenye mwaka katikati na mshale unaoelekea mwezi.

Kisha kiti hupinduliwa na kukaguliwa kwenye mwanga. Plastiki hupapaswa kutafuta nyufa, na hasa sehemu zilizopauka, kwa kuwa weupe kwenye kona huonyesha palipokunjwa kwa nguvu. Mikanda huvutwa yote nje ili kuona kama imelika, imekatwa au imeshonwa upya. Kifungio hufungwa na kufunguliwa mara kadhaa. Kinatakiwa kutoa mlio mkavu, na kisifunguke kikivutwa. Kamba ya mbele ya kukazia huvutwa kuona kama hushika bila kurudi nyuma. Kikikosa sehemu yoyote, hata kijiti kidogo cha kuzuia mkanda, kisichukuliwe. Kitabu cha maelekezo kikiwa kimepotea, hutafutwa kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya muundo.

Dukani Nanyuki, Meru au Nyeri, kabla ya kulipa, inafaa kumwomba muuzaji ruhusa ya kukijaribu kiti ndani ya gari, kwenye maegesho. Nusu saa hiyo huokoa nauli ya kurudi kubadilisha.

Kuipanga siti ya nyuma

Katikati ndipo mbali zaidi na milango, kwa hiyo ndipo salama zaidi ubavu wa gari ukigongwa. Lakini hilo ni kweli tu ikiwa kiti hukazika hapo. Siti yenye kinundu katikati, au mshipi ambao kiti hakikubali, huondoa faida hiyo, na kiti kilichokaa imara pembeni huwa bora. Kiti cha kuinulia hakitumiwi kamwe na mshipi wa kiunoni tu. Huwekwa mahali penye mshipi wa pointi tatu.

Viti viwili vikisongamana, husaidia kimoja kutazama nyuma na kingine mbele, kwa kuwa sehemu zao pana haziko usawa mmoja. Vyote viwili vikitazama upande mmoja, mabega yao hugongana hata kama chini kuna nafasi. Mtoto wa kiti cha kuinulia apewe mahali ambapo mkono hufikia kifungio, vinginevyo atasafiri bila kufungwa. Vifungio vikikaribiana, kinachofungwa kwanza ni kile kitakachofunikwa na vingine.

Hesabu ya abiria hufuata mishipi. Gari lenye mishipi mitano hubeba watu watano, mtoto mchanga akiwa mmoja wao. Watoto wawili kufungwa mshipi mmoja huwafanya wagonganishe vichwa, na mtoto aliyepakatwa ndani ya mshipi wa mama hubanwa na uzito wote wa mama. Siku nyanya na msaidizi wa nyumbani wanapotaka kwenda pia, njia iliyo salama ni mtu mzima mmoja apande matatu. Kukiwa na nafasi mbele, mtu mzima ndiye akae huko. Kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa mfuko huo ukifumuka hugonga mgongo wa kiti kwa nguvu ya kuua.

Mizigo nayo hupangwa. Mtungi wa gesi, debe la maziwa au gunia lililowekwa juu ya siti huruka kama mtu asiyejifunga. Mahali pake ni chini kwenye buti, ikiwa imefungwa.

Kufunga na kukaza

Mshipi wa gari hupitishwa kwenye njia iliyotiwa alama kwenye kiti, kwa kawaida buluu kwa kutazama nyuma na nyekundu kwa kutazama mbele. Mtu hukandamiza kiti kwa goti au kiganja huku akivuta mshipi hadi ulegevu wote uishe. Kisha hukishika kiti pale mshipi unapopita na kukitikisa. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kuyumba kidogo kwa sehemu ya juu ya kiti kinachotazama nyuma ni kawaida.

Mikanda ya mabega hutoka kwenye tundu lililo usawa wa mabega au chini kidogo mtoto akitazama nyuma, na usawa wa mabega au juu kidogo akitazama mbele. Hukazwa mpaka vidole vikijaribu kuifinya begani visipate mkunjo.

Hapa baridi ya Timau huleta kosa la kawaida. Asubuhi mtoto huvalishwa jaketi nene, sweta na shali, kisha hufungwa. Mikanda huonekana imekaza, kumbe imekazia hewa iliyo ndani ya nguo. Katika mgongano nguo hubonyea na mtoto huchomoka. Utaratibu sahihi ni kumvalisha nguo nyembamba zinazobana mwili na kofia ya sufu, kumfunga na kumkaza, kisha kumfunika blanketi juu ya mikanda. Jaribio lake ni rahisi: mtoto afungwe akiwa na jaketi, avuliwe bila kulegeza mikanda, kisha afungwe tena. Nafasi inayobaki kati ya mkanda na kifua ndiyo hatari iliyokuwa imefichwa na jaketi.

Teksi na matatu

Familia isiyo na gari bado inaweza kunufaika na kiti chepesi kinachofungwa kwa mshipi, kwani hufaa teksi yoyote yenye mshipi mzima. Anayeagiza teksi aulize habari za mshipi wa nyuma kabla ya kukubaliana bei. Kwenye matatu, sheria zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zinazokumbukwa kwa jina la waziri wa wakati huo, John Michuki, ziliagiza mishipi kwa kila abiria. Penye mshipi wa pointi tatu unaofanya kazi, mtoto mkubwa akilipiwa siti yake anaweza kukaa juu ya kiti cha kuinulia. Penye mshipi wa kiunoni tu, hukaa kwenye siti yenyewe, mshipi ukiwa chini kwenye nyonga.

Kutunza, kubadilisha na kuacha

Mikanda hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Dawa za kutoa madoa na kuchemsha hudhoofisha nyuzi. Kitambaa cha juu hufuliwa kama kibandiko kinavyoelekeza. Makombo ya biskuti yakiingia kwenye kifungio hukizuia kushika, kwa hiyo husafishwa mara kwa mara. Mikanda hupandishwa tundu mtoto anapokua, na uzito mpya wa kliniki hulinganishwa na kikomo cha kiti.

Mtoto huacha kiti cha kuinulia pale mshipi wa gari unapomkaa wenyewe: mgongo umegusa siti, magoti yamekunjika kwenye ukingo wake, mshipi wa chini uko kwenye mapaja, na wa juu uko katikati ya bega. Kwa kawaida hilo hutokea kati ya sentimita 135 na 150, na kila gari hupimwa upya kwa kuwa siti hutofautiana. Kiti kilichobaki kizima, ambacho hakijapata ajali wala kupitwa na tarehe, kinaweza kupewa familia nyingine pamoja na kitabu chake. Kilichopitwa au kugongwa hukatwa mikanda kabla ya kutupwa, ili mtu asikiokote na kumfungia mtoto wake.